Fungu la Royd

Kosa lilikuwa la neno moja tu, na aliyelisema ni Royd, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia samaki.

Vibanda vyao vilipakana sokoni Nchelenge. Cha Royd kilikuwa na kompyuta kubwa ya Linux, ya kurekodia watu nyimbo. Cha pili kilikuwa cha Mama Pierrette, Mkongomani wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, aliyewatilia watu nyimbo kwenye simu. Kompyuta ya mama ilikuwa kuukuu, diski yake imejaa pomoni. Royd akamwonea huruma, akavuta waya, akaandika amri ya mount ya kuunganisha mashine mbili, na folda yake ya nyimbo ikatokea nzima kwa jirani.

"Nimekugabulia folda, mama," akasema.

Sasa, ufukweni kugabula ni kugawa. Nyavu zikitoka, chisense, wale dagaa wa ziwani, wanamwagwa chini, kila mtu anabeba fungu lake. Ukilitupa lako, la mwenzio liko palepale. Pierrette akajua ana lake na Royd ana lake.

Ndani ya folda alikuwamo Stéphanie. Binti huyo wa Pierrette alirekodi wimbo mmoja kwa Royd, akicheka katikati, mwezi mmoja kabla malaria haijamchukua. Sauti yake nyingine haikuwepo popote. Kila mteja alipokuja, jina lile lilimkodolea mama macho, na moyo ukapasuka upya mbele za watu. Siku moja akashindwa, akaufuta. La Royd lipo, alijiambia, nitaliomba nikipata nguvu.

Nguvu alizipata baada ya miezi mitano, asubuhi ya misa ya kutimiza mwaka tangu msiba.

"Royd, unipatie wimbo ya Stéphanie. Ile yako. Yangu nilifuta."

Royd akaacha kibodi. "Ulifuta wapi, mama?"

"Kwangu. Mu folda yenye ulinigabulia."

"Kwako hakukuwa kitu, mama. Ulikuwa unaona diski yangu. Wimbo ilikuwa moja tu."

Royd alitafuta hata hivyo, akatafuta tena. Miezi mitano ya nyimbo mpya ilikuwa imeandikwa juu ya nafasi yake diskini. Pierrette akamgeukia.

"Na weye, wakati uliona haiko, juu ya nini haukuniuliza?"

"Niliona," Royd akasema, machozi yakimlengalenga. "Nikafikiri, ni mutoto wake, mama amemubeba kwa simu yake. Nikafurahi."