Kofia ya Mheshimiwa

Mheshimiwa alikuwa samaki, tena samaki wa kufugwa kwenye tangi la kioo, rangi ya chungwa, tumbo limemtangulia kama mtu anayetoka harusini. Jina alipewa na Faraja, mjukuu wa mzee Gabrieli. Faraja alipokwenda shule ya bweni alimwachia babu yake maagizo mawili tu: Mheshimiwa ale kidogo asubuhi na jioni, na asife. Hilo la pili ndilo lililomnyima mzee usingizi, maana samaki huyo alinunuliwa na Agnes, mama yake Faraja, miezi michache kabla hajafariki. Kwa mtoto yule hapakuwa na zawadi nyingine ya mwisho.

Sasa Gabrieli si mtu wa samaki. Gabrieli ni mtu wa kabichi, na ukifika Mlali ukimtaja watu watakuonyesha shamba lake kwa kidole. Alihamia Kihonda kumuuguza binti yake, akabaki kumlea mjukuu. Basi Jumatatu moja anainama kumlisha Mheshimiwa, anaona kinundu utosini. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kinundu kiko palepale. Kufika Alhamisi ya wiki ya pili vimekuwa vinundu, vimebanana kichwani kama ua la koliflawa.

"Kitaisha chenyewe," akajiambia, na palepale akajichukia. Maneno hayohayo ndiyo aliyomwambia Agnes siku alipomwonyesha uvimbe wa shingoni.

Akatia chumvi kwenye tangi. Akatia majani mawili ya mwarobaini, maji yakawa kijani, akayabadilisha yote. Mheshimiwa alikula kama kawaida na vinundu vikaendelea kunenepa.

Kosa lake kubwa lilikuwa kumwambia Ezekiel. Ezekiel alikuwa fundi baiskeli nyumba ya pili, Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Mluguru ni mtani. Mtani hapewi siri. Siku ya mazishi ya Agnes huyuhuyu Ezekiel alishuka kaburini, akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na waombolezaji wakacheka hadi Gabrieli mwenyewe akacheka. Ndiyo kazi ya mtani.

Jumamosi asubuhi Gabrieli akaamshwa na kishindo cha jembe. Kutoka nje, anamkuta Ezekiel kajifunga kanga ya mkewe kiunoni, shimo limeshafika magotini, na pembeni kuna boksi la viatu.

"Unafanya nini kwenye bustani yangu?"

"Nachimba kaburi. Ninyi Waluguru mnajua kuzika ndizi tu ziive, maiti mtuachie sisi."

"Samaki hajafa."

"Mimi siyo mtu wa kufanya mambo dakika za mwisho," Ezekiel akasema, akaendelea kuchimba.

Gabrieli akaona akibaki hapo atagombana bure. Akamchota Mheshimiwa kwenye ndoo, akaifunika kwa ungo, akashika njia ya kwa daktari wa mifugo. Ezekiel akatupa jembe, akafuata nyuma na boksi lake kichwani, analia kwa sauti ya kupanda na kushuka. Watu wakasimama. Mama mmoja muuza maandazi aliposikia "Mheshimiwa ametutoka" akatua beseni na kuuliza ni mbunge wa jimbo gani. Gabrieli akainamisha kichwa na kuongeza mwendo, maji yanamwagika kwenye suruali.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, anaitwa Mwajuma. Akawasalimia shikamoo wote wawili, akamhamishia Mheshimiwa kwenye bakuli la kioo, akawasha taa, akainama. Akamgeuza samaki taratibu kwa kijiko, akatazama tena, akamgeuza upande wa pili.

Hapo ndipo Gabrieli alipogundua kwamba nyuma yake kilio kimekatika. Akageuka. Ezekiel alikuwa amevua kanga, ameikunja vizuri, ameishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni. Gabrieli akaogopa kuliko alivyoogopa wiki zote mbili, kwa sababu mara ya mwisho kumwona mtani wake amenyamaza hivyo ilikuwa hospitali, siku walipopewa majibu ya Agnes.

"Nani aliwaambia huyu anaumwa?" Mwajuma akauliza.

Gabrieli akamtazama Ezekiel, Ezekiel akamtazama samaki.

"Mzee, samaki wa aina hii ndivyo walivyo. Wakikua wanaota hivi kichwani. Wafugaji wanalipenda hilo, likikosekana ndipo wanalalamika. Ila huyu wako ni mnene mno. Na ananuka mwarobaini."

Gabrieli akatafuta kiti akakaa. Ezekiel akapenga kamasi kwenye kanga ya mkewe, akakohoa. "Kwa hiyo kaburi langu nimelichimba bure?" akasema. "Utanilipa jogoo mwingine."

"Utapata kabichi."

"Mluguru mchoyo," Ezekiel akasema, na safari ya kurudi akaibeba ndoo yeye.

Jumapili Faraja akapiga kwa simu ya matroni, kama kila Jumapili. Kabla ya habari za shule akaulizia samaki. Gabrieli, ambaye wiki iliyopita alidanganya kwamba hajambo kabisa, safari hii akasema ukweli.

"Ameota kitu kichwani."

Faraja akacheka. "Kofia, babu. Mama aliniambia akikua ataota kofia. Nimeingoja sana." Kisha sauti ikashuka. "Inamuuma?"

Swali hilo Faraja alishamuuliza mara moja, mlangoni mwa wodi, kuhusu mama yake, na Gabrieli alijibu hapana bila kumtazama machoni. Sasa akalisogelea tangi mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Mheshimiwa alikuwa anazunguka na kofia yake, anatafuta chakula.

"Haimuumi," akasema. "Haimuumi hata kidogo, mjukuu wangu."

Safari hii ilikuwa kweli.