Matunda Yasiyoliwa

Siku ya mwisho ya upimaji wa msitu nilifagia ofisi mara mbili, na bado mikono ilitaka kazi. Ukutani ilibandikwa picha ya msitu wetu iliyopigwa kutoka angani. Kijani kitupu, hakuna barabara, hakuna shamba. Jioni hiyo mpimaji, Mama Fomu, angeamua kama msitu uitwe mzima au la.

Tulimpa jina hilo kwa sababu kalamu yake haikuwahi kupoa kwa kujaza fomu. Mimi nilimshikia ncha ya tepu akipima miti, kaka yangu alibeba mizigo. Msitu ukiitwa mzima ungelindwa kisheria, na walinzi sita wangeajiriwa. Kaka alikwishaahidiwa nafasi. Wifi, mkewe, alikuwa anamwita afande tangu wiki iliyopita, eti azoee.

"Wewe shika tepu, nyamaza," kaka aliniambia njiani. "Kunyamaza una shahada."

Kweli. Shule niliacha darasa la tano, na hata huko mwalimu alidhani mimi ni bubu.

Tulipofika kipande cha mwisho nilikanyaga matunda. Yalilala tabaka juu ya tabaka chini ya mti: mabivu juu, yaliyooza katikati, kokwa chini kabisa. Hakuna hata moja lenye alama ya jino. Nilipokuwa mdogo tuliyagombania na tumbili, na tumbili ndio walioshinda.

Mama Fomu alizungusha tepu kwenye shina, akatabasamu. "Miti kama hii siku hizi huioni. Kamera zangu nilizozifunga mitini tu ndizo zinanitia wasiwasi. Wiki tatu zimepiga panya na miguu yenu."

"Wanyama wa huku wana aibu, mama," kaka alisema. "Kama huyu dada yangu."

Wakacheka. Nikacheka nami, nikainama kuficha uso, ndipo nikauona waya.

Ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, umefungwa kwenye mche, kitanzi cha mtego kimelala kwenye njia ya wanyama. Fundo limepindwa mara tatu, ncha imerudishwa ndani isichome mkono. Kaka ndiye aliyenifundisha kufunga kamba ya mbuzi hivyo. Niliufungua upesi nikautia mfukoni. Njia nzima ya kurudi niliushika, nikauachia, nikaushika tena.

Ofisini Mama Fomu alisoma kwa sauti huku akijaza. "Barabara, hakuna. Moto, hakuna. Ukataji, hakuna. Wanyama..." Akasita. "Msitu mzima si miti tu. Ni miti pamoja na wanaokula matunda yake na kuzipeleka mbegu mbali. Lakini kamera nazo hukosea. Nitaandika wapo."

Kalamu ilikuwa inashuka.

"Matunda hayaliwi," nilisema.

"Umesemaje, binti?"

"Yanaoza palepale yalipoanguka. Miche imebanana chini ya mti wenyewe, mbali hakuna." Nikauweka waya juu ya fomu. "Walikuwepo. Tuliwala."

Aliugeuza kwa kidole. "Wa nani huu?"

Niliangalia sakafu niliyoifagia mara mbili. Kaka alikuwa mlangoni. Niliisikia miguu yake ikija, ikasimama karibu na yangu.

"Leo umepata mdomo," aliniambia polepole. Kisha akamgeukia Mama Fomu. "Wangu. Zipo nyingine, arobaini hivi."

"Hivi?"

"Arobaini na moja."

Mama Fomu aliandika kwa muda mrefu, hadi pembeni mwa karatasi. "Nimeandika miti ipo, wenyewe hawapo," alisema. "Fomu haina nafasi ya jibu hilo, na sijui wakubwa watalifanyia nini. Kazi ya ulinzi siwezi kukuahidi tena."

"Najua, mama," kaka alisema.

Asubuhi iliyofuata kaka alipita kwangu na plaizi mkononi. Hakunisalimia. Wifi alisimama uani akitutazama, na hakumwita afande. Tuliingia msituni, yeye mbele, mimi nyuma. Hadi mchana tulikuwa tumetoa nyaya kumi na tisa, na kila nilipokanyaga tunda nilisimama kusikiliza juu.

"Twende," kaka alisema. "Bado ishirini na mbili."