Rili ya Nduaro

Miaka kumi na mmoja nilimshikia Bwana Harwood usukani wa boti yake ya uvuvi hapa Likoni, na Mzungu yule hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, ningepata wa kumlaani nikalala usingizi wangu.

Mwezi mmoja kabla ya Uhuru aliuza boti akafunga virago. Tulikuwa watu wawili kwake, mimi na Ngala wa Kisauni, fundi wa injini, na sote tulikuwa tunabaki bila kazi. Lakini palikuwa na hoteli mpya huku kusini ya feri, na meneja wake alikuwa amekwisha kutuambia: boti anayo, wageni wanakuja Krismasi, anachokosa ni rili, gurudumu la kukunjia mshipi, la kuvutia samaki wakubwa. Kuagiza Ulaya ni miezi sita. Atakayekuja na rili yake mkononi, ndiye nahodha. Mke wangu Mastura alilisikia neno hilo, akaanza kunipikia kama bwana harusi.

Asubuhi ya mwisho Bwana Harwood alituita barazani kwake. Mezani aliweka rili tatu.

"Faki, wewe mkubwa, uanze," alisema. "Chagua moja, iwe yako. Ngala atachagua baada yako."

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kurushia chambo ukiwa juu ya mwamba. Mshipi wake mwembamba, samaki wake ni changu. Ya pili ya wastani, ya kuburura chambo nyuma ya boti. Nguru utamtoa, jodari umwombe Mungu. Ya tatu ndiyo yenyewe. Ngoma yake pana inameza yadi mia tano za mshipi mnene, na breki yake ukijua kuikaza, nduaro, yule samaki mwenye mdomo kama mkuki, atakimbia mpaka achoke na mshipi usikatike. Mimi ndimi niliyekuwa nikiitia mafuta. Wageni wangapi walibabaikia rili kwa kung'aa kwake, nikawaambia mfikirieni samaki kwanza, kisha ngoma, kisha breki, kung'aa waachieni wauza bangili! Pwani nzima hii hakuna aliyejua kuchagua rili kunishinda.

Basi nikasema, "Ah, bwana, usijisumbue. Wema wako umenitosha."

Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu mtu akikupa, unakataa. Akikusihi, unagusa kilicho kidogo. Hapo yeye anakuja juu, anakupokonya kile kidogo na kukutia kikubwa mkononi kwa nguvu, nanyi nyote mnaondoka na heshima zenu. Mwenye kunyoosha kidole kwenye kikubwa ni mlafi, na mama yangu alinifinya mapaja mpaka nikalijua hilo.

"Chagua, Faki, tafadhali," alisema Bwana Harwood.

Moyo ukanitulia. Mambo yalikuwa yanakwenda kama yaendavyo. Nikaigusa ile ndogo. "Hii yanitosha, bwana." Nikangoja anikasirikie.

Alifurahi! Alinishika bega, machozi yanamlengalenga. "Nilijua. Wewe huna tamaa." Akaniwekea ile ndogo kiganjani, akamgeukia Ngala.

Ngala aliibeba ile kubwa kabla hajaulizwa.

Nyumbani Mastura aliitazama rili yangu kama mtu aliyeletewa dagaa siku ya Idi.

"Baba Hadi, si ungesema tu! Mdomo ulikuwa na nini?"

"Ulikuwa na adabu."

"Haya. Basi leo tutaila hiyo adabu."

Niliona haya, na hasira nayo, na sikujua hasira hiyo nimpe nani.

Baada ya alasiri Ngala akaja na ile rili kubwa, ameifunga kwenye kanga. Akaketi, akaiweka mbele yangu.

"Kaka Faki, roho hainipi. Hii ni haki yako, wewe ndiwe uijuaye. Ichukue, nipe mimi hiyo ndogo."

Nyuma ya pazia Mastura alikohoa. Wallahi niliusikia mdomo wangu ukisema wenyewe, "La, ndugu yangu. Ni riziki yako, Mungu kakupa."

Sasa ilikuwa zamu yake kunisihi. Mara moja tu ingenitosha. Nilikwisha kuusogeza mkono.

"Ahsante, kaka," akasema Ngala. "Mungu akuzidishie." Akaifunga kanga, akainuka, na Jumatatu akaanza kazi hotelini.

Bwana Harwood nimemsamehe, hakulelewa hapa. Ngala amekula nyumbani kwangu miaka kumi na mmoja, na kila siku alikataa sahani mara mbili kabla ya kunawa.