Nguzo za Njano

…basi mkono umeshapanda, hauwezi kushuka tena, Mbuke anauona juu ya vilemba vya wenzake mkutanoni ukitetemeka kama wa mtu mwingine, na mwenyekiti wa kijiji, Filemoni, bado hajauona, amemkodolea macho Clement wa kampuni ya mtandao, anayesema mkongo wa intaneti umekatwa mara tatu tangu msimu wa kulima uanze, kampuni haiwezi kuweka mlinzi kila hatua, ulinzi ni kazi ya serikali, la sivyo wataupitisha kwingine na kijiji kibaki gizani, naye Lea, afisa wa wilaya, anajibu kwa upole wenye miiba kwamba serikali ilishachangia kuufikisha hapa, "anayevuna faida ndiye alinde"… faida, faida, na Prisca je, binti wa Mbuke anayesomea uuguzi kwenye simu huku ananyonyesha, yeye ahesabiwe upande gani… wapiganapo tembo nyasi huumia, ni kweli, ila hapa, Mungu wangu, nyasi ndizo zilizong'oa nguzo… nne, za njano, zilizosimikwa kando ya mfereji kuonyesha waya ulipofukiwa, wala hakuna aliyekuja kueleza, yeye aliona bikoni tu, alama za kupimia ardhi, na bikoni anazijua, kule walikotoka zilisimikwa Jumatatu na mwezi haukuisha wakawa wamefukuzwa, wako njiani na ng'ombe, mumewe Nkuba akitembea mbele… aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, akazing'oa zote kabla ya umande kukauka, jirani yake Esnath akamwambia, "Umefanya la maana, mama Prisca," naye na majirani wengine wakang'oa za kwao, trekta likaja kulima, likalima na waya, mara tatu… na zile nne ndizo zinazoshikilia banda lake la kuku mpaka leo. Akisema, watamkamata… "Sheria zipo," anasema Lea, "na gharama zipo," anasema Clement, na ghafla Mbuke anataka kucheka, furaha inampanda mpaka kooni, maana wasomi wawili wanagombania nani amlipe mlinzi wa kumzuia mwizi, na mwizi hayupo, hajawahi kuwepo, ni woga tu, woga wake yeye, na dawa anayo yeye… serikali iandike, igonge muhuri, kwamba nguzo hizi hazimfukuzi mtu, kampuni ionyeshe waya ulipopita, na sisi tutazisimika kwa mikono hii hii iliyozing'oa, tutazilinda kwa zamu kama tunavyolinda maji ya mfereji, ambayo hatukuwahi kupewa mlinzi wake na yeyote na bado yanafika kila jaruba la mpunga… wamkamate basi, wataanzia wapi, kila banda la kuku kijijini lina nguzo ya njano… Clement bado anasema, Filemoni bado hajageuka, mkono bado uko juu, ila umetulia sasa, umetulia kabisa, na kuku leo watalala jikoni.