Kamera ya Kumpigia Mama Picha

Mama yao alikuwa hapigiki picha. Katika picha zote za nyumbani alikuwa kiganja kilichonyooshwa mbele ya uso, au kisogo kinachoingia jikoni, au nusu ya gauni iliyokatwa na ukingo. Watoto wake wawili walilizoea jambo hilo wakaligeuza utani, mpaka mama yao mdogo alipofariki. Siku ya msiba walipekua nyumba nzima wakitafuta picha ya marehemu ya kuweka mbele ya watu, wakaambulia ile ya kitambulisho. Ilipokuzwa, marehemu akawa kama mshtakiwa anayesubiri hukumu. Watu walipita mbele yake wakinong'ona, "Wala hafanani." Dada mtu na mdogo wake waliyasikia hayo. Walitazamana tu, na kila mmoja akajua mwenzake anamuwaza nani.

Dada alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba chake cha kazi kilichojaa vitambaa mpaka mlangoni. Mdogo wake alikuwa fundi wa friji. Wateja walimwita Baridi, na jina likamganda, hata dada yake akawa halikumbuki lile la kuzaliwa mpaka ajikune kichwa. Simu zao zilipiga picha, ndiyo, lakini jikoni kwa Mama, penye dirisha dogo linalotazamana na ukuta wa jirani, zilitoa giza na mng'ao wa sufuria. Wakakubaliana wanunue kamera.

Duka lilikuwa la kamera zilizotumika, limebanwa kati ya kinyozi na muuza miwani. Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kamera mbili juu ya kioo.

"Hii," alisema, akigusa ile kubwa yenye lenzi iliyochomoza kama pua ya mbwa, "kazi yake kuvuta. Mtu akiwa ng'ambo ya uwanja wa mpira, wewe unamhesabia vifungo vya shati. Tatizo lake ni ndani ya nyumba. Kuna kidude kinachopokea mwanga, tunakiita kihisi. Kwenye hii ni kidogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mwanga ukipungua, picha inajaa chengachenga."

"Na hii ndogo?" aliuliza dada.

"Hii usiidharau. Inaingia mfukoni, lakini kihisi chake kikubwa, mara kadhaa ya kile. Jikoni, jioni, taa moja tu, inakupa uso wa mtu kama ulivyo, bila flashi. Ila haivuti mbali. Ukitaka kumwona mtu kwa karibu, usogee kwa miguu yako."

"Kubwa," alisema Baridi.

"Ndogo," alisema dada, papo hapo.

Muuzaji akacheka, akaondoka kwenda kumhudumia mtu mwingine, kama aliyekwisha kuona ndugu wengi wakigombana juu ya kioo kile.

"Dada, fikiri," Baridi alisema. "Mama ukimsogelea na chochote anainua mkono kabla hujakiwasha. Kwa hii nakaa mbali kabisa. Hajui. Nampata alivyo."

"Huko ni kumvizia."

"Ni kumpiga picha."

"Unamvizia mama yako mzazi kama kuku wa jirani, halafu unaita picha."

Wangebishana mpaka duka lifungwe. Muuzaji ndiye aliyewaamua: waache vitambulisho vyao, waondoke na kamera zote mbili, Jumatatu warudishe moja na kulipia nyingine. Wakatoka, kila mmoja na yake begani, wakiwa wamenuniana kidogo.

Jumamosi Baridi aliegesha gari lake la kazi mwishoni mwa mtaa wa Mama. Aliingia nyuma, kati ya mitungi ya gesi na kompresa mbovu, akaacha mlango wazi upana wa kiganja, akatoa lenzi.

Mama alikuwa kibarazani. Alikuwa amestaafu kazi ya kufua mashuka hospitalini, na tangu mume wake afariki aliishi peke yake, kwa kutaka mwenyewe na kwa ukali. Baridi alivuta, akavuta tena, uso wa Mama ukajaa kiooni. Hakuwahi kuutazama uso ule kwa muda mrefu namna ile bila uso wenyewe kumuuliza kama amekula. Aliona unywele mmoja mweupe kwenye nyusi. Alimpata akimfokea mzoa taka, kidole kikiwa hewani, mdomo wazi. Alimpata akicheka peke yake, jambo gani hakujua. Moyoni akasema, dada atanyoosha mikono leo.

Kisha Mama akatazama barabara, kushoto, kulia, kama mtu anayetaka kuvuka. Akachukua kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka. Haukuwa mtetemo wa baridi wala wa njaa. Ulikuwa unapigapiga kikombe kwa kasi, na chai ikamwagika juu ya gauni. Mama alikiweka kikombe chini taratibu. Akaushika ule mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauingiza chini ya paja, akaukalia, kama unavyomkalisha mtoto mtundu kwa nguvu. Jirani akapita. Mama akampungia wa kushoto, akitabasamu vizuri kabisa.

Muda wote huo kidole cha Baridi kilikuwa kikibonyeza.

Alipoishusha kamera alikumbuka mambo. "Mimina wewe, baba, mimi leo nimechoka." "Nikatie huo mkate." "Sindano nitungie, macho yamezeeka." Alikuwa amemimina, amekata, ametunga, na kila mara alifikiri anadekezwa kwa kupewa kazi. Alikaa kati ya kompresa zake muda mrefu, kisha akaliwasha gari, akaenda zake bila kumsalimu mama yake.

Dada alizitazama picha akiwa bado mbele ya cherehani. Alianza akitabasamu. Alipofika kwenye kikombe, mguu ukatoka kwenye kanyagio.

"Zifute."

"Umeuona mkono?"

"Nimeuona. Zifute."

"Dada, Mama anaumwa."

"Sijasema haumwi! Nasema yeye hakutuonyesha. Umeingia mahali ambapo hukufunguliwa mlango. Sasa kesho tutamwambia nini? Kwamba ulikuwa umejificha kwenye gari?"

"Na ningekuwa na hiyo yako ndogo, tungejua?"

Hilo ndilo lililomchoma dada. Kila Jumapili alikaa na Mama meza moja, umbali wa kunyoosha mkono tu, na hakuwa ameona kitu. Alijishughulisha na kukata uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

Jumapili walikwenda wote wawili. Kamera kubwa ilibaki kwenye mfuko wa Baridi. Dada alikaa jikoni mkabala na Mama, akaitoa ile ndogo. Hata hakuwa ameiwasha, kiganja cha kushoto kikapanda mbele ya uso. Cha kulia kilikuwa chini ya meza.

"Mnaanza," alisema Mama nyuma ya kiganja.

Dada aliiweka kamera mezani, kando ya kopo la sukari. "Mama, leo niambie. Kwa nini hutaki?"

Mama alishusha kiganja, akafikiri. Inaelekea hakuna aliyewahi kumuuliza. Walikuwa wakimsihi tu.

"Kazini walikuwa wanakuja wageni na kamera," alisema. "Wanaingia pale tunapofulia, hata salamu hakuna, wanatupiga sisi na mashuka yetu, wanaondoka. Haya, wale wageni. Na nyinyi je? Mtu anaongea na mimi vizuri tu, tunacheka. Akishika kamera, kimya. Anafumba jicho moja, ananikodolea kama shuka analotafutia doa. Mimi sipendi kutazamwa na mtu aliyenyamaza."

Baridi alikuwa amesimama mlangoni. Alihisi masikio yanamwaka moto.

"Mama," alisema, "jana nilikutazama. Nilikuwa kwenye gari, pale mwisho wa mtaa. Na nilikuwa nimenyamaza."

Dada akafumba macho. Mama alimtazama mwanawe, kisha akanyoosha mkono wa kushoto. "Lete."

Baridi alimwonyesha kitufe cha kupitishia picha, akarudi mlangoni. Mama alipitisha moja moja. Kwenye mzoa taka akacheka kwa sauti. "Huyu hapa nilikuwa nampa ukweli wake. Anamwaga nusu njiani." Akaendelea. Akafika. Akatazama picha moja tu ya kikombe, akailaza kamera kifudifudi.

"Kwa hiyo mnajua."

"Tangu lini, Mama?" aliuliza dada.

"Muda."

"Na hukusema?"

"Niseme ili iweje? Nikisema leo, wiki ijayo mmeniondoa kwangu, mmeniweka kwenye kile chumba chako cha vitambaa, nakohoa nyuzi."

"Nani amesema utahamishwa?"

"Hamjasema. Ndiyo maana sikuwapa nafasi ya kusema."

Baridi alitaka kucheka na akashindwa. Mama akavuta pumzi, akautoa mkono wa kulia chini ya meza, akauweka juu, mbele yao. Kijiko kwenye kisahani kikaanza kulia, ting, ting, ting. Watoto wake walitazama. Jikoni palikuwa kimya isipokuwa kijiko.

"Sasa ongeeni basi," alisema Mama kwa ukali, lakini sauti ilikuwa imelowa. "Mbona mnanitumbulia macho?"

Dada akaanza kuongea. Hakuchagua la kusema. Alishika lililokuwa karibu, habari za mteja mmoja, bibi harusi mtarajiwa, aliyenenepa kati ya kupimwa na kujaribishwa gauni, akadai utepe wa kupimia ndio uliosinyaa. Aliongea na huku ameishika kamera hapo hapo mezani, usawa wa kifua, bila kufumba jicho. Mama aliuliza utepe gani husinyaa. Dada alisema ndivyo alivyouliza yeye, na bibi harusi akamjibu labda aliufua. Mama akaangua kicheko. Kamera ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayekatisha uzi kwa meno. Kiganja hakikupanda.

Waliitazama wote watatu, vichwa vimegusana. Mwanga wa lile dirisha dogo ulikuwa umemwangukia Mama upande mmoja, na kila mkunjo wa uso ulionekana, hata unyevu kwenye kona ya jicho. Mkono wa kulia ulikuwa ukungu tu juu ya meza, bila vidole.

"Mkono umeharibika," alisema Baridi.

"Haujaharibika," alisema Mama. "Ndivyo ulivyo."

Kisha akatoa masharti yake. Hospitali atakwenda, kwa sababu kule anajulikana na hatapangishwa foleni kama mgeni. Nyumbani kwake haondoki. Picha za kikombe zifutwe sasa hivi, naye akiona. Ya mzoa taka ibaki, ni ushahidi. Baridi alifuta mbele yake, moja moja, mpaka Mama akaridhika.

Jumatatu, walipofika nje ya duka, dada ndiye aliyesita.

"Tuchukue kubwa," alisema.

Baridi alifikiri amesikia vibaya. "Wewe?"

"Nimefikiri usiku kucha. Nilikutukana, lakini bila hiyo tusingejua. Mimi nilikuwa karibu na sikuona. Wewe ulikuwa mbali ukaona."

Baridi alitazama ndani ya duka, ambako muuzaji alikuwa akipangusa lenzi kwa kitambaa.

"Mimi siitaki, dada. Nilijua, sawa. Lakini nilijua peke yangu, ndani ya gari. Chai ilimmwagikia mapajani, ya moto, na mimi nilishindwa hata kushuka kwenda kumfuta. Nilikuwa nabonyeza tu."

Walisimama pale kidogo, wapita njia wakiwakwepa. Dada hakuwa na uhakika kwamba mdogo wake yuko sahihi, wala Baridi mwenyewe hakuwa nao. Lakini waliingia wakarudisha kubwa, wakalipia ndogo, wakachukua vitambulisho vyao. Muuzaji alipouliza kama mzee wao ameridhia, dada alisema, "Ana masharti," na muuzaji akasema wote huwa nayo.

Daktari alimpima Mama, akamwambia ugonjwa huo hauondoki ila unatulizwa, akampa dawa. Mtetemo ulipungua asubuhi, ukarudi jioni, siku nyingine haukupungua kabisa. Mama alibaki kwake. Dada aliongeza siku ya kwenda, katikati ya wiki, akapeleka vikombe vizito vyenye vishikio viwili, ambavyo Mama alivikejeli kwa mwezi mzima huku akivitumia. Picha ile ya jikoni dada aliichapisha. Mama alikataa isitundikwe sebuleni, akakubali chumbani, upande ambao wageni hawafiki.

Baridi alipata shida zaidi. Kila alipoishika kamera ulimi ulikufa. Akiongea, anasahau kubonyeza, akibonyeza, anasahau kuongea, na Mama alikuwa na kiganja tayari. Mwishowe aliona kitu pekee anachoweza kukieleza bila kufikiri ni friji. Basi akawa anamsimulia friji. Lile la duka la nyama lililogandisha juu na kuchemka chini. Lile la mama mmoja aliyelipiga mlango kwa goti miaka yote akidhani ndiyo swichi. Picha nyingi zilitoka mbovu, nyingine kope zimefumba, nyingine dari. Chache zilikuwa nzuri.

"Subiri kwanza," Mama alimkatisha alasiri moja, mbele ya kamera, kidole kikiwa hewani. "Hiyo gesi ikishavuja yote, inakwenda wapi?"

Baridi akavuta kiti karibu, akaanza kumweleza.