Vidole Viwili vya Kukulia

Mtoto alikuwa na miaka mitano, na mtaa mzima ulimwita Shangazi. Jina hilo alipewa na jirani muuza mkaa, siku aliyopita kusalimia akamkuta amelazwa kwenye mkeka mlangoni, kimya, anamtazama kuanzia viatu hadi kofia kama mtu anayesubiri maelezo.

"Jamani, huyu si mtoto," muuza mkaa akasema. "Huyu ni shangazi wa mtu, amekuja kukagua nyumba."

Jina likanasa. Mama yake akawa Mama Shangazi, na baba yake, mlinzi wa ghala, akawa anaulizwa kila jioni akienda lindoni: "Haya, Shangazi kasemaje leo?"

Shangazi hakuwa anasema. Wala hakuwa anakaa. Shingo yake ilikuwa legelege, mgongo haukuwa na nguvu ya kumshika, na ukimwegemeza ukutani aliteremka taratibu, ubavuubavu, mpaka shavu likagusa sakafu. Kwa hiyo aliishi mikononi mwa watu. Mama yake alipika kwa mkono mmoja, akafua kwa mkono mmoja, na kazi yake ya cherehani aliifanya mtoto akiwa mapajani, akitikisika na mwendo wa pedali mpaka usingizi umchukue. Akilishwa amelala, chakula kilimpalia, na kilichompalia kilikwenda kifuani. Mwaka ule walilazwa hospitali mara mbili.

"Akikaa wima, chakula kitashuka njia yake na kifua kitapata nafasi," alisema mama wa mazoezi, yule mtaalamu wa viungo aliyemnyoosha Shangazi miguu kila Jumanne hospitalini. "Lakini kiti chake kinatengenezwa kwa mwili wake. Si cha kununua dukani."

Basi Mama Shangazi akaenda chuoni.

Chuo chenyewe kilikuwa nyuma ya soko, jengo refu la bati lililowahi kuwa ghala la pamba. Kilikuwa cha watu wa pale pale: asubuhi vijana, jioni watu wazima waliotoka kazini na harufu za kazi zao. Karani wa usajili hakuinua hata kichwa.

"Ushonaji, au sio?"

"Useremala."

Hapo akainua. "Dada, si wewe uliyenipunguzia suruali hii?"

"Ni mimi. Sasa nataka kutengeneza kiti."

"Wenzako wanakuja kutafuta kazi, wewe unatafuta kiti!" Kisha akamwona Shangazi begani, anavyomkazia macho, akaacha kucheka. "Na huyu bosi wako?"

Mama Shangazi alikuwa amejiandalia maneno mengi ya kubembeleza kuhusu mtoto. Hakupata nafasi ya kuyatumia. Karani alinyoosha kalamu kuelekea mlango wa kijani. Ndani kulikuwa na magodoro, ndoo ya maji, watoto tisa wa wanafunzi, na mama mmoja mnene waliyemwita Mama Wote, ambaye alimpokea Shangazi kama anayepokea mzigo wake mwenyewe uliochelewa njiani.

"Huyu analala upande gani?"

"Wa kulia. Na akikohoa—"

"Akikohoa nitakuita. Nenda."

Mlango wa kijani na karakana vilitenganishwa na ukuta mmoja wa mbao. Akipiga msumeno, alimsikia mwanawe akikohoa. Hivyo ndivyo alivyosoma: sikio moja kwa mwalimu, sikio moja ukutani.

Mwalimu waliyempa jina la Milimita alikuwa mtu mkavu, mwembamba, asiyekubali "kama hivi" wala "karibu sawa". Jirani wa benchi wa Mama Shangazi alikuwa mpagazi wa zamani wa sokoni, pande la mtu, aliyeitwa Tani. Kila Alhamisi milango ya karakana ilifunguliwa kwa majirani, wakaja na stuli zilizovunjika, meza za kuyumba, vitanda vilivyolia, na wanafunzi wakajifunzia humo humo. Mama Shangazi alijifunza kuunga mguu kwa benchi la kituo cha afya, na kupiga msasa kwa dawati la shule ya jirani. Mabaki ya mbao waliruhusiwa kuyatumia. Mwezi wa nne akaanza kiti.

Wiki tano. Kiti kikasimama juu ya benchi: mgongo mrefu, mbavu mbili za kumshika kiunoni, mikono, kibao cha miguu, kimeza cha mbele. Wanafunzi wa ushonaji wa chumba cha pili walishona mto na mikanda. Tani alikizunguka, akapiga saluti.

"Mimi hiki siwezi kukikalia bila kuvaa tai."

Shangazi akaletwa. Darasa zima likaacha kazi. Mama yake akamkalisha, akafunga mkanda, akaondoa mikono taratibu, kama anayeacha glasi iliyojaa.

Shangazi akakaa. Akamtazama Tani, akamtazama Milimita. Halafu akaanza kuteremka. Kwanza nyonga ikasogea kulia, bega likafuata, kichwa kikaanguka kwenye mkono wa kiti, na mkanda ukabaki shingoni badala ya kifuani. Mama yake alimnyakua kabla hajalia.

Milimita alichukua tepu yake, akapima kiti, akampima mtoto akiwa mikononi, akapima kiti tena.

"Nyonga ni sentimita ishirini. Kiti ni ishirini na saba. Ulipima vibaya?"

"Hapana, Mwalimu. Nilipima vizuri." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliongeza vidole viwili huku, vidole viwili kule."

"Vya nini?"

"Vya kukulia."

Alikuwa fundi cherehani tangu ana miaka kumi na sita. Hakuna sare ya mtoto aliyowahi kuikata bila kuacha pindo ndani; mtoto akirefuka, mama anarudi, pindo linafumuliwa. Mkono wake uliongeza wenyewe. Hata penseli haikuuliza.

Milimita alikunja tepu. "Mbao haina pindo, Mama Shangazi," akasema, kwa upole ambao hawakuujua kuwa anao.

Jumanne iliyofuata Mama Shangazi alimuuliza mama wa mazoezi, huku akimvisha mtoto soksi ili asimtazame usoni.

"Nikikata kamili, mwakani si kitambana?"

"Kitengeneze cha leo, mwanangu. Kimshike leo. Cha mwakani tutakiona mwakani."

"Lakini atakua."

"Mwaka jana nilimpima. Wiki iliyopita nimempima." Akaushika mguu wa Shangazi, ule mdogo, akausugua kwa kidole gumba. "Kifua chake kinatumia nguvu zote, hazibaki za kukulia. Nakwambia kwa sababu ukiniuliza nikakudanganya, kiti kitakosea tena."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Shangazi alitembea kana kwamba amesahau kitu hospitali.

Mume wake alikuwa anavaa viatu vya lindo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kamba ya kiatu mkononi.

"Kwa hiyo unamkatia kamili."

"Ndivyo wanavyosema."

"Mke wangu, mtu anapimwa kamili akiwa amekufa." Hakusema kwa hasira, ingekuwa afadhali. "Aliye hai anaachiwa nafasi. Wewe si ndiye uliyenifundisha? Shati langu la harusi uliniachia nafasi ya tumbo, na sikuwa na tumbo."

"Umelipata."

"Nimelipata, ndiyo." Alitaka kucheka, midomo ikakataa. Alimbusu Shangazi utosini, akatoka bila kofia.

Wiki ile Mama Shangazi hakwenda chuoni. Wala ya pili. Kifua cha Shangazi kilijaa tena, akawa analishwa kwa kijiko cha chai, nusu kijiko, subiri, nusu kijiko. Mama yake alilala amekaa, mgongo ukutani, mtoto amesimamishwa kifuani mwake, kwa sababu akimlaza tu pumzi ilianza kukoroma kama birika.

Alhamisi mchana mlango ukagongwa.

"Hodi! Tumetumwa!" Alikuwa Tani, ameinama asigonge kizingiti, na nyuma yake Mama Wote na kapu. Tani aliketi chini, maana stuli aliiangalia akaionea huruma. Alikuwa amebeba mbao nne zilizopigwa randa mpaka zikateleza kama sabuni.

"Za mgongo, mbavu, na kitako," akasema. "Tumezipiga randa zamu kwa zamu. Mimi nilisema tumalizie kabisa, tukuletee kiti. Milimita akakataa. Kasema kuna mistari minne ambayo hakuna mtu wa kuichora isipokuwa mama mtu."

"Mwambieni achore yeye. Vipimo anavyo."

"Nilimwambia! Unajua kajibu nini? 'Mimi najua sentimita. Mtoto simjui.' Mwanaume mkavu vile, nikashindwa pa kutazama."

Mama Wote alimchukua Shangazi, akamsimamisha begani kwake, akamwambia mama mtu, "Lala." Na Mama Shangazi, aliyekuwa amejiandaa kukataa, alilala saa mbili nzima, akaamka kumekwisha kufagiliwa, na Tani amelala kwenye mkeka wa Shangazi, miguu nje ya mlango.

Shangazi alikuwa macho. Bega la Mama Wote lilikuwa limemshika mgongo wote, bila nafasi, na alikuwa anapumua bila kukoroma. Mama yake alisimama akatazama mkono ule mnene ulivyomzunguka. Haukumwachia hata kidole kimoja cha kuangukia.

Jumatatu alikwenda karakana. Aliweka mbao ya kitako kwenye benchi, akapima ishirini, akachora mstari. Mkono ulitaka kusogea. Aliuona kabisa unavyotaka. Akasimama hapo, penseli imegusa mbao, mpaka Milimita akaja akasimama upande wa pili wa benchi, akajifanya anakagua kitu kingine.

"Mwalimu, nikikata hapa nimekubali."

"Umekubali nini?"

Alikata. Msumeno ulikwenda moja kwa moja, unga wa mbao ukamwangukia viatuni, na kipande kilichobaki kikaanguka chini kwa mlio mdogo.

Kiti cha pili hakikuwa kizuri kama cha kwanza. Kilikuwa kidogo, kimejibana, kama kitu kilichotengenezwa kwa haraka na mtu anayejua anachofanya. Shangazi alikaa. Walisubiri. Tani alihesabu kimya kwa vidole, vikaisha, akaanza upya. Hakuteremka. Kichwa kilisimama, macho yakazunguka karakana yote, benchi kwa benchi, yakafika kwa karani wa usajili aliyekuwa ameacha ofisi wazi aje kuona.

"Basi tumekwisha," karani akasema. "Ukaguzi umeanza."

Wakacheka wote, isipokuwa mama yake. Alikuwa anaitazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa mitupu kwa wakati mmoja, mwanawe yuko macho na halii, naye hakujua mikono hiyo inawekwa wapi.

Shangazi alikikalia kiti kile wiki kumi na moja. Alikula uji wake wima. Aliketi mlangoni asubuhi na kimeza mbele, na muuza mkaa akawa anavua kofia akipita. Chuoni aliketi nyuma ya mlango wa kijani, na siku moja mtoto mwenzake alipomchukulia kijiko alipiga ukelele, wa kwanza katika maisha yake, na Mama Wote akaita kupitia ukutani, "Mama Shangazi! Njoo, mwanao kagombana na watu!" Baba yake aliposimuliwa alitaka kuusikia ukelele huo, akamnyang'anya kijiko makusudi, akaupata.

Kiti hakikumbana hata siku moja.

Wiki ya kumi na mbili kifua kilijaa alfajiri, na walipofika hospitali ilikuwa imebaki kazi ya kumfumba macho.

Mama Shangazi alirudi chuoni siku ya tisa baada ya mazishi. Hakuwa ameamua kurudi. Ilikuwa saa kumi jioni, mume wake amekwenda lindoni, na miguu haikujua njia nyingine ya saa hiyo. Alipita mlango wa kijani bila kugeuza kichwa. Wenzake walimpa pole mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Milimita alimwekea mbele kipande cha msasa na mguu wa meza ya mtu, kwa maana kesho kutwa ilikuwa Alhamisi na mwenye meza angekuja.

Alisugua. Alikuwa hajalia. Nyumbani kulikuwa na watu wengi wa kumnyamazisha, kisha hawakuwepo kabisa, na kimya kile kilimtisha asikivunje. Sasa mabega yalianza kutikisika yenyewe, akang'ata midomo, kwa sababu nyuma ya ukuta kulikuwa na watoto tisa na sauti zao zilikuwa zinapita.

Tani alimtazama mara moja tu. Akaweka nyundo chini, akaenda kwenye mashine kubwa ya randa pale pembeni, akaiwasha. Mashine ikanguruma, bati la paa likatetemeka. Hakuweka mbao. Alisimama tu kando yake, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kitu kiive.

Milimita, ambaye aliwahi kumfukuza mwanafunzi darasani kwa kuacha taa ikiwaka bure, aliinua macho. Aliitazama mashine inavyozunguka tupu. Akamtazama Mama Shangazi. Kisha akarudisha macho kwenye kazi yake, akaendelea kuchora mstari.

Ndani ya kelele ile, Mama Shangazi alifungua kinywa akalia kwa sauti yake yote. Hakuna aliyemsikia, na wote walijua. Alilia mpaka mguu wa meza ukalowa, akaufuta kwa gauni, akausugua, akalia tena. Mashine ilinguruma mpaka saa moja.