Ukurasa wa Bwambale

Tangu tumzike baba sikuhisi kitu. Watu waliona ni ujasiri, wakanisifu. Mimi nilikuwa nachagua programu ya kuandikia kumbukumbu kwenye simu.

Usicheke. Baba aliondoka na habari za ukoo zote kichwani, na moyo wa mama umeanza kumsumbua. Nilitaka anachokijua kiandikwe kabla naye hajaondoka. Programu niliyokuwa nayo ilikuwa ya kampuni fulani, na siku moja ikanifungia maandishi yangu mwenyewe mpaka nilipie. Zamani ningetukana hadi mate yakauke. Safari hii niliitazama tu.

Swalik, rafiki yangu anayeuza simu Kasese mjini, akanishauri nitafute programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu na hazina bwana wa kukufungia mlango. Nikajaribu moja, nikajaribu nyingine. Kuna iliyotaka mtandao kila saa, na kwetu Bwera, mpakani, simu hunasa minara ya Kongo ikijisikia. Nyingine ilijaa rangi kama kitenge cha harusi.

"Boss, hii ni ya ngapi?" Swalik akaniuliza. "Wewe iko natafuta programu ama bibi ya kuoa?"

Mwishowe nikabaki na ile inayohifadhi kila ukurasa kama faili la kawaida ndani ya simu. Ukiandika jina la mtu kwenye mabano, linakuwa kiungo cha ukurasa wake. Kama ukurasa haupo, jina hubaki la kijivu. Nikaijaribu kwa ndugu zangu. Sisi Bakonzo mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, na mimi ni Thembo, mvulana wa tano. Nikaandika kurasa za Baluku, Masereka na Kule. Bwambale, wa pili, akabaki kijivu. Alikufa kabla sijazaliwa, na maisha yangu yote nimekuwa nikimruka ninapohesabu, kama kila mtu nyumbani.

Nikaenda Bwera. Mama alikuwa uani anapepeta maharage. Nikamuuliza kuhusu Bwambale.

"Alikuwa na meno mbili," akasema bila kuinua macho. "Alikuwa nacheka na kila mutu."

Nikaandika hivyo. Jina likageuka la buluu. Nilitegemea kuhisi chochote, hata kidogo. Wapi! Nikamwambia mama huenda nikatafuta programu nyingine, maana hii haipangi tarehe vizuri.

Mama akaweka ungo chini.

"Baba yako alichimba kaburi ya ule mutoto yeye mwenyewe," akasema. "Hakulia. Akakaa kwa mulango, natengeneza baskeli. Baskeli haikuharibika. Kila asubui anafungua, anafunga, anafungua. Nikamuacha. Siku moja nikamushika mukono, nikamuambia, Baba Baluku, baskeli iko muzima."

Akanyoosha mkono, akaichukua simu yangu, akaiweka juu ya maharage.

"Na hii iko muzima, Thembo."

Nikalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu, mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani amekufa.

"Baba," nikamjibu.